Kuzuru Visiwa vya Komoro: Nasaha kwa Msafiri Atokaye Pwani

Miongoni mwa nchi za Bahari ya Hindi, sidhani kama ipo iliyo karibu nasi kwa masafa na ngeni kwetu kwa mazoea kama visiwa vya Komoro, ambavyo wazee wa Unguja, kwa kukitaja kisiwa kimoja na kukusudia vyote, wameviita Ngazija tangu zamani. Kwani msafiri aondokaye Dar es Salaam kwa ndege huwa amekwisha kutua uwanja wa Hahaya, kaskazini ya mji wa Moroni, kwa muda wa kiasi cha saa mbili, na hali ukiuliza katika barza yoyote ya Tanga au ya Mombasa ni nani aliyekwenda huko kwa matembezi, si kwa msiba wala kwa harusi ya jamaa, utatajiwa waliokwenda Dubai, na Istanbul, na Guangzhou, kabla hajapatikana mmoja wa Moroni. Watalii wa Ulaya nao hujaa Shelisheli na Morisi kila mwaka, na visiwa hivi huwapita chini ya mbawa za ndege zao.

Nasaha zifuatazo zimekusudiwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa naona yeye ndiye mgeni anayefaliwa na nchi hii kuliko mgeni mwingine yeyote. Fukwe nzuri zipo, tena nyingi, lakini fukwe hata Pemba zipo. Yaliyo makubwa katika Komoro ni miji yake ya mawe, na karamu zake, na viwanja vyake vya mazungumzo, na adabu za watu wake, na mambo hayo hayamfungukii mtu apitaye mbio na kamera shingoni, ila yule ajuaye kutoa salamu, akangoja ajibiwe, akauliza hali ya nyumbani kabla ya kuuliza njia.

Uchache wa wageni una sababu zake, na yafaa msafiri azijue ili asije akaogopeshwa na habari zilizochakaa. Visiwa vitatu kati ya vinne vilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, kwa kuwa watu wa kisiwa cha nne, Maore, walikuwa wamepiga kura ya kubaki chini ya Ufaransa. Mwezi mmoja haujatimia ila serikali ya kwanza imekwisha kupinduliwa, na tangu hapo kwa robo karne nzima nchi ikawa haina raha, mara mapinduzi, mara mamluki wa Bob Denard aliyeingia mwaka 1978, mara rais Ahmed Abdallah kuuawa mwaka 1989, hata mwaka 1997 kisiwa cha Nzwani kikajitenga. Suluhu ilitiwa saini mjini Fomboni, kisiwani Mwali, mwaka 2001, na katika mwaka huohuo hoteli kubwa ya Galawa, iliyokuwa ikileta wageni kutoka Afrika Kusini, ikafungwa milango. Ukiwa Mtanzania, usistaajabu mtu wa Nzwani akikukumbusha Machi 2008, wakati askari wa Umoja wa Afrika, na wa Tanzania wakiwa miongoni mwao, waliposhuka kisiwani kumwondoa mtawala wake, Kanali Mohamed Bacar. Wapo watakaokushukuru na wapo watakaonyamaza, na wewe msikilize kila mmoja kwa utulivu, wala usiwe wewe wa kuanzisha mazungumzo ya siasa.

Wakati wa kusafiri ni kusi, tangu Mei hata Oktoba, ambapo hewa ni kavu na njia za mlimani hupitika. Kaskazi, hasa kuanzia Disemba hata Aprili, huleta joto na mvua nyingi, na mara nyingine tufani, kama ile iliyoitwa Kenneth iliyopita Ngazija mwezi Aprili 2019. Pamoja na hayo Julai na Agosti zina taksiri yake, nayo ni kwamba ndio msimu wa harusi, wakati Wakomoro waishio Ufaransa, na wa Marseille ndio wengi, hurudi kwao kwa maelfu, nafasi za ndege zikawa adimu na vyumba vikapanda bei. Atakaye kuona karamu na aende wakati huo huku akilipa. Atakaye utulivu na angoje Septemba.

Hati ya kuingia imezoeleka kutolewa papo hapo uwanjani kwa malipo ya fedha taslimu, lakini kanuni za namna hii hubadilika, basi uulize ubalozi kabla hujakata tikiti. Chukua euro, si dola, kwa sababu faranga ya Komoro imefungamanishwa na euro kwa kima kisichobadilika cha faranga 492 hivi kwa euro moja, na wenye maduka wengi huzipokea. Mashine za kutolea fedha ni chache, na nje ya Moroni usizitumainie kabisa. Kurunzi ni lazima, maana umeme hukatika; chandarua na dawa za malaria ni katika mambo ya kushauriana na tabibu wako mapema; na kuhusu maji ya kunywa, nunua ya chupa au yachemshe, kwa sababu itakayobainika tutakapofika mlimani.

Katika lugha usidanganywe na undugu. Kingazija, Kinzwani na Kimwali ni ndugu wa Kiswahili, na sikio lako litadaka neno hapa na neno pale mpaka ufikiri kuwa umefahamu yote, ilhali hujafahamu nusu. Vijana wa mjini wamesomeshwa kwa Kifaransa. Wanaokijua Kiswahili sawasawa aghalabu ni watu wazima, hasa waliozaliwa au kulelewa Unguja, Dar es Salaam au Mombasa, na hao wamo karibu kila mtaa. Sema polepole, chagua maneno ya kawaida, na ukikwama, ulizia mzee aliyepata kukaa Unguja: utaletewa, na kwa yakini hatakuachia mpaka umekunywa kahawa.

Mji wa Moroni wenyewe hauna haraka ya kujionyesha. Anza na bandari ya zamani, ambapo Msikiti wa Ijumaa wa kale, unaosimuliwa kuwa ulijengwa mwaka 1427, umesimama na matao yake meupe mbele ya mawe meusi ya volkano, na maji yakijaa huja yakayaosha mawe hayo na kuzitikisa mashua zilizofungwa chini yake. Kisha panda uingie mtaa wa Badjanani, ambao vichochoro vyake ni vyembamba na nyumba zake za mawe zimeegemeana, na milango iliyobaki ya nakshi yafaa itazamwe kwa makini, kwani kila mwaka michache huondoka. Mwislamu na aingie msikitini asali, kwa sababu hapana njia iliyo nyepesi zaidi ya kupata mwenyeji kuliko kutoka msikitini pamoja na watu baada ya alasiri. Asiyekuwa Mwislamu asiingie pasipo kuomba idhini. Mwendo mfupi kaskazini ya mji uko Itsandra, mji wa masultani wa zamani, ambao kwa msomaji wa Unguja una jambo zaidi ya ufuo wake mweupe: ndiko alikozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumait mwaka 1861, aliyekuwa kadhi mkubwa Unguja na kufariki huko mwaka 1925, na ndiko alikorejea mwanawe, Habib Omar, akafia Komoro mwaka 1976. Elimu iliyosomwa katika misikiti yetu kwa vizazi viwili au vitatu ilipita mikononi mwa watu wa mji huu mdogo.

Katika kila mji utaona bangwe, yaani uwanja uliozungukwa na viti vya mawe, mahali wanaume wanapokaa jioni kucheza bao na kuzungumza. Tanabahi kabla ya kuketi, kwa sababu viti hivyo vina wenyewe: aliyekwisha kufanya anda, yaani harusi kubwa ya mila, ana mahali pake, na asiyefanya, ingawa awe na mvi na shahada za Paris, ana mahali pengine, wala hatatangulia kusema mbele ya aliyefanya. Mgeni hupewa nafasi kwa takrima, lakini sharti aoneshwe. Anda ndiyo kitu kikubwa cha Ngazija, na watu hudunduliza mali kwa miaka na miaka, hata huko ughaibuni, ili waitimize: dhahabu ya bibi arusi, ng'ombe wa kuchinjwa, karamu za mji mzima, na ngoma za usiku na mchana pamoja na twarabu, ambao Wakomoro waliutoa Unguja mwanzoni mwa karne iliyopita wakaufanya wao. Nyumba huwa ni ya mwanamke, imejengwa na watu wake, na mume ndiye ahamiaye. Jambo hili limeendelea katika nchi ya Waislamu wa madhehebu ya Shafi bila ya mtu kuliona ajabu, nami nakiri kuwa katika yote niyajuayo kuhusu visiwa hivi hili ndilo linalonivutia zaidi.

Ukialikwa, na huenda ukaalikwa ukiwa na adabu, vaa kanzu safi na kofia. Mwanamke na avae nguo yake ya heshima na mtandio. Bahasha yenye fedha kidogo hupewa mwenyeji bila kutangazwa. Usipige picha kabla ya kuuliza. Asubuhi, katika soko la Volo Volo, utaona wanawake waliojipaka msindanu usoni, mchanganyiko wa msandali unaosagwa kwa maji juu ya kijiwe cha matumbawe mpaka ukawa uji wa rangi ya manjano. Ukionesha hamu ya kujua, utasagiwa, na ukiwa mwanamke utapakwa hapohapo shavuni, na soko zima litacheka kwa furaha.

Kusini ya Moroni uko mji wa Ikoni, chini ya kilima chenye jabali lililokatika wima. Wakati wa uvamizi wa Wabuki, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, ngalawa kubwa kutoka Bukini, yaani Madagaska, zilikuwa zikija kuteka watu wa kuuzwa utumwani, na yasimuliwa kuwa wanawake wa Ikoni, walipoona hawana pa kukimbilia, walijitupa kutoka juu ya jabali lile. Panda huko na kijana wa mji, umsikilize anavyosimulia. Ama sehemu za kaskazini, ziwa la chumvi karibu na Bangoi-Kouni na ufuo wa Mitsamiouli, zinatosha kuzungukwa kwa siku moja kwa gari la kukodi.

Sasa mlima. Karthala una kimo cha mita 2,361, na ni volkano iliyo hai, ambayo shimo lake la juu ni katika mapana zaidi duniani, kilometa tatu kwa nne hivi. Uliripuka mara mbili mwaka 2005, ukaripuka tena mwaka uliofuata na mwaka wa baada yake. Kuupanda hakuhitaji kamba wala ufundi, bali miguu, subira, na kiongozi mwenyeji, naye ni wa lazima: ukungu hushuka adhuhuri kwa ghafla, na njia katika msitu hugawanyika pasipo alama. Aghalabu huanzia vijiji vilivyo juu ya Moroni, upande wa Mvouni, mkaondoka kabla ya jua kuchomoza, mkapita kwanza katika mashamba ya migomba, kisha katika msitu wenye miti iliyovikwa kuvumwani na ndege wasiopatikana pengine popote duniani, akiwemo bundi mdogo aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 1958, na mwisho katika vichaka vifupi vya majani membamba, mpaka ardhi ikawa jivu na changarawe nyeusi na miti ikaisha. Wapo wanaopanda na kushuka kwa siku moja, nao hurudi hawana habari yoyote isipokuwa ya magoti yao. Lala juu, ukingoni au ndani ya shimo lenyewe ikiwa kiongozi wako ameridhika na hali ya mlima. Chukua sweta na blanketi, kwa kuwa baridi ya usiku huko si ya pwani, na asubuhi, kabla ya mawingu kuja, utaitazama bahari pande zote na Mwali upande wa kusini. Kabla ya kuondoka mjini, mwombe kiongozi aulize kituo cha kuchunguzia volkano kilichoko Ngazija kama mlima umetulia.

Jambo la kutosahau ni maji. Ngazija haina mto hata mmoja, kwa maana mwamba wake mchanga wa volkano huinywa mvua yote mara inyeshapo, na watu tangu kale wameishi kwa kuteka maji ya mvua yaliyokusanywa katika mabirika ya mawe ubavuni mwa nyumba. Ndiyo sababu mripuko wa Novemba 2005, ijapokuwa haukuunguza miji, ulileta dhiki kubwa, jivu lilipoanguka ndani ya mabirika hayo na kuyaharibu maji ya vijiji vingi kwa pamoja. Mlimani hapana kisima wala chemchemi. Chukua lita tano kwa kila mtu, ukiona ni mzigo mlipe mpagazi, na usikubali kushawishika kwamba mbili zitatosha.

Kabla hujaihama Moroni, ingia makumbusho ya taifa, japokuwa ni madogo na nusu ya vitu vyake vimechoka, kwa ajili ya samaki mmoja. Huyu ni gombesa, ambaye wataalamu walimjua kwa mifupa iliyogeuka mawe na kumhesabu kuwa ametoweka tangu zama za dinosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, Profesa J. L. B. Smith akakaa miaka kumi na minne akimtafuta wa pili, akasambaza vikaratasi vyenye picha na ahadi ya pauni 100 katika bandari za Afrika ya Mashariki, na mwezi Disemba 1952 akaletewa habari kutoka Domoni, kisiwa cha Nzwani, ambako samaki alikuwa amefikishwa sokoni naye karibu kukatwa vipande, akatambuliwa na mwalimu wa skuli aliyekwisha kukiona kile kikaratasi. Waziri mkuu wa Afrika Kusini, D. F. Malan, akatoa ndege ya jeshi iende kumchukua. Wavuvi wa Nzwani na Ngazija hawakustaajabia samaki, walistaajabia ndege, kwani wao gombesa walikuwa wakimpata siku zote, usiku, kwa mshipi mrefu, wala nyama yake yenye mafuta haikuwa na thamani sokoni. Mtazame kwa karibu: mapezi yake yamesimama juu ya vikono vya nyama kama viguu, na magamba yake ni mazito kama sarafu za kale. Mzima hutamwona, maana maskani yake ni mapango ya volkano chini ya mita 150, na mtu akikuambia atakupeleka kumwona kwa ngalawa, mlipe kahawa umwache. Watu wa Tanga wanayo habari yake pia, tangu alipoanza kuingia katika nyavu zao mwaka 2003, hata eneo la bahari likatengwa kwa ajili yake mwaka 2009.

Kuvuka kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine ndiyo sehemu ya safari inayohitaji hadhari, nami nitasema wazi. Zipo ndege ndogo baina ya visiwa, zinazofaa, ila ratiba zao ni za kukadiria. Zipo meli na boti, zingine nzuri na zingine zimejazwa kupita kiasi. Na ipo njia ya mashua za injini kutoka Chindini, kusini ya Ngazija, mpaka Hoani katika Mwali, ambayo bahari ikiwa shwari huwa safari ya kupendeza na ikiwa imechafuka huwa ni kujitia hatarini. Itazame bahari mwenyewe, uliza wavuvi wasiouza tikiti, na usipande chombo kisicho na maboya ya kujiokolea, hata ukiambiwa ndicho cha mwisho kwa wiki. Kwa hiyo ninashauri uende visiwa vya mbali kwanza na mlima uuache mwisho, ili ukikwama siku mbili Fomboni, itakayopungua iwe ni siku ya Moroni, si ndege yako ya kurudi nyumbani. Ama Maore, tangu mwaka 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa, na kuingia kwake kwahitaji viza ya Kifaransa. Usithubutu kuvuka kutoka Nzwani kwa zile mashua ziitwazo kwasa-kwasa, kwani mlango huo wa bahari umemeza roho nyingi mno za watu waliokuwa wakijua bahari kuliko wewe na mimi.

Nzwani ni kisiwa cha milima mikali na makorongo, kimejaa watu kuliko vingine, na mji wake, Mutsamudu, utamkumbusha Mji Mkongwe mtu wa Unguja kiasi cha kumtia wivu, kwa sababu hapa maduka ya vinyago hayajafika. Ingia asubuhi kwa mlango wa bandarini, upotee kwa makusudi katika vichochoro vinavyopita chini ya vyumba vya nyumba, ambamo wanawake hupita wamejitanda nguo iitwayo shiromani. Litazame jumba la Ujumbe. Kisha panda ngazi za kwenda kwenye ngome, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa msaada wa Waingereza dhidi ya Wabuki haohao, na mizinga yake ingali imelala pale ikiielekea bandari. Waingereza walikipenda kisiwa hiki kwa maji yake na machungwa, wakakiita Johanna, na meli zao za Bara Hindi zilikuwa zikitia nanga hapa. Ndiko pia walikotoka wale wapagazi waliomkimbia Livingstone mwaka 1866, wakafika Unguja na hadithi ya kifo chake, hadithi ya uwongo ambayo mji mzima uliisadiki. Domoni, upande wa mashariki, ni mji mkongwe zaidi, wenye milango na dari za nakshi, na pana kaburi la rais Ahmed Abdallah lililojengewa kwa fahari. Usiende na kurudi mbiombio. Barabara inayopita milimani ni nusu ya raha yake.

Katika barabara hiyo harufu itakuambia kuwa umeyafikia mashamba ya langilangi. Mti ambao Unguja na Pemba twauacha ukue ukawa wa kivuli, huko hukatwa kilele na matawi yake yakapindwa chini, mpaka ukawa kama mzee aliyeinama, ili wanawake wayafikie maua kwa mkono. Nao huyachuma alfajiri, kwa kuwa jua likipanda harufu huanza kupotea. Omba kuingia katika kiwanda chochote cha kukamulia, aghalabu ni banda la mabati lenye pipa kubwa la shaba juu ya tanuri la kuni. Maua hutiwa ndani, mvuke hupita katika mrija unaopozwa kwa maji, na mafuta hudondoka katika chupa tone kwa tone kwa muda wa karibu mchana na usiku; yatokayo mwanzo ndiyo ya daraja ya juu kabisa, yakiwekwa mbali kwa ajili ya watengeneza manukato wa Ufaransa, na kila saa ipitayo daraja hushuka. Mwenye kiwanda atakupa unuse ya kwanza na ya mwisho, na tofauti yake hutaihitaji kuelezwa. Lakini tazama pia rundo la kuni nje ya banda. Misitu ya Nzwani imeisha kwa sehemu kubwa, kwa kuni hizi na kwa mashamba, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka wakati wa kusi.

Mwali ni kidogo kuliko vyote, kilometa za mraba 290 hivi, na ndicho kisiwa ambacho, ungenilazimisha kuchagua kimoja, ningekichagua. Hapana mengi ya kufanya Fomboni. Chukua gari mpaka upande wa kusini, Nioumachoua, ambapo visiwa vidogo vya mawe vimepangana mbele ya ufuo, na ukae hapo kwa wenyeji wenye vyumba vya wageni. Bahari yake ilifanywa hifadhi mwaka 2001, ya kwanza katika Komoro, na wavuvi wa vijiji wameshirikishwa katika kuilinda; kuanzia Julai hata Oktoba nyangumi huja na watoto wao, na asubuhi tulivu huonekana hata kutoka ufukweni. Katika miti ya makorongo huning'inia popo wa Livingstone, mweusi, mwenye mbawa zifikazo karibu mita moja na nusu zikikunjuliwa, asiyepatikana ila hapa na Nzwani. Kiongozi atakupeleka mahali pa kumwona kwa mbali, wala msipige kelele.

Kwa kasa nenda Itsamia, upande wa mashariki, mwaka mzima, ingawa kusi ndiyo bora kwa usalama wa njia. Jiandikishe kwa chama cha kijiji, ulipe, na ungoje maji yajae usiku. Utaongozwa gizani, kurunzi yako ikiwa imezimwa, mpaka usikie kishindo cha mchanga ukitupwa. Huyo ni kasa wa kijani akichimba, na kiongozi atakuzuia kwa mbali mpaka kasa aanze kutaga, kwani akishtushwa kabla ya hapo hurudi baharini na mayai yake. Akishaanza, mtasogea kwa nyuma. Mayai huanguka mawili mawili, meupe, yanayong'aa kwa unyevu, yapata mia na zaidi, na wakati huo huvuta pumzi nzito kama mtu apandaye ngazi. Kisha huyafukia, akajikokota kurudi majini, na kazi hiyo yote huchukua zaidi ya saa moja. Vaa nguo nyeusi, usijipake mafuta ya kufukuza mbu yenye harufu kali, na usiombe kupiga picha kwa mwanga hata kidogo. Kijiji hiki kimewahi kukesha kuwalinda wanyama hawa dhidi ya wenye kuja kuwachinja usiku, na hakitakuvumilia.

Chakula hakitakupa taabu: wali na samaki wa nazi, shelisheli na ndizi mbichi, mataba, ambayo ni kisamvu kilichotwangwa na kupikwa sana, mkate wa ufuta, na pilipili ya kusaga iitwayo putu, ambayo huwekwa pembeni na yafaa ibaki pembeni mpaka umeionja kwa ncha ya kijiko. Katika Ramadhani migahawa hufungwa mchana, na mgeni asiyefunga na ale chumbani kwake.

Ukitaka cha kununua, nunua vanila na mafuta ya langilangi kwa mwenye shamba au mwenye kiwanda mwenyewe, si uwanjani. Vanila iliyo njema ni nyeusi, ina mafuta, na hujipinda kidoleni bila ya kuvunjika. Mafuta uyanuse na uulize ni ya daraja gani, kwa kuwa ya daraja ya tatu huuzwa kwa wageni kwa bei ya ya kwanza. Chupa uifunge vizuri, uizungushie karatasi, uitie katika sanduku litakalokwenda chini ya ndege. Ukiipakia pamoja na kanzu zako na kizibo kikalegea, zitanukia mwaka mzima, na si kila dobi ataipenda kazi hiyo.